Kutoka Lalamiko hadi Taarifa: Lugha ya Kuripoti Hitilafu za Programu katika Mifumo ya Umma jijini Kampala

Ikisiri

Mifumo ya kidijitali inayotumiwa na sekta za umma nchini Uganda imeongezeka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na pamoja nayo yameongezeka manung'uniko ya watumiaji kuhusu programu zinazokwama na masasisho yanayochelewa. Makala haya yanaeleza kwamba sehemu ya ucheleweshaji huo hutokana na lugha: lalamiko linalotoka kwa mtumiaji hupita ngazi kadhaa kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kurekebisha, na kila ngazi hupunguza maelezo. Kwa kurejelea mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, mfumo wa ujumbe mfupi wa mTrac na mfumo wa stakabadhi za kodi wa EFRIS, makala yanafafanua chanzo cha masasisho kuchelewa, yanachambua namna Kiswahili na Kiganda vinavyoeleza hitilafu, na yanaonyesha kwamba viambishi vya njeo na hali vya Kiswahili vinatosha kuandika taarifa sahihi ya hitilafu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa taasisi za umma na za lugha.

1.0 Utangulizi

Chukulia mhudumu wa kituo cha afya pembezoni mwa Kampala anayejaza ripoti ya wiki ya magonjwa yanayofuatiliwa. Anaandika sifuri katika kisanduku cha ugonjwa ambao haukuonekana wiki hiyo, anaendelea na visanduku vingine, anafunga fomu. Akiifungua tena, kisanduku ni kitupu. Anamwambia msimamizi wake kwamba mfumo unasumbua. Msimamizi anamwambia mtakwimu wa wilaya kwamba kituo kile kina shida ya mfumo. Mtakwimu anaandika kwa wizara kwamba vituo vinalalamikia mfumo. Wiki tatu baadaye hakuna kilichobadilika, na mhudumu ameacha kulalamika. Ameacha pia kuandika sifuri.

Madhara ya kisa hiki ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Katika ufuatiliaji wa magonjwa, sifuri na ukimya ni vitu viwili tofauti. Sifuri inasema kwamba kituo kiliangalia na hakikumkuta mgonjwa. Ukimya hausemi lolote. Uganda, ambayo ilipambana na mlipuko wa Ebola aina ya Sudan uliotangazwa wilayani Mubende Septemba 2022, ukafika Kampala na kutangazwa kwisha Januari 2023, ni nchi inayojua thamani ya tofauti hiyo.

Kazi nyingi kuhusu matumizi ya teknolojia barani Afrika hushughulikia miundombinu: umeme, mtandao, vifaa na gharama. Makala haya hayapingi uzito wa mambo hayo. Yanaongeza jambo moja ambalo ni la wanaisimu: hitilafu isiyoelezwa vizuri hairekebishwi, hata pale ambapo umeme upo, mtandao upo na mtaalamu yupo. Mifano ya sentensi iliyotumika imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi; hoja inayojengwa juu yake ni ya kisarufi na kipragmatiki.

2.0 Mifumo mitatu na watumiaji wake

DHIS2 ni programu huria ya kukusanya na kuchambua taarifa za afya. Husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei kwa kushirikiana na mtandao wa vikundi vya HISP katika nchi mbalimbali, kikiwamo HISP Uganda chenye makao jijini Kampala. Kenya iliitumia kitaifa kupitia seva moja ya mtandaoni mwaka 2011. Uganda iliieneza wilayani kote kufikia mwaka 2012, na Tanzania pia inaitumia. Nchini Uganda, fomu zinazojazwa zinafahamika kwa namba zake: 105 kwa wagonjwa wa nje wa kila mwezi, 108 kwa waliolazwa, na 033b kwa ufuatiliaji wa kila wiki.

mTrac ulianzishwa mwaka 2011 na Wizara ya Afya kwa msaada wa washirika wake, ili wahudumu waweze kutuma ripoti za wiki kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Sambamba na hilo, wananchi walipewa namba 8200 ya kutuma malalamiko kuhusu huduma za afya bila malipo na bila kujitambulisha. Kwa hiyo mfumo huo mmoja ulibeba aina mbili za usemi: ripoti yenye vifupisho na namba kwa mpangilio usiobadilika, na lalamiko huru ambalo lilipaswa kusomwa na mtu, kuchambuliwa na kupelekwa panapohusika.

EFRIS ni mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda wa kutoa stakabadhi na ankara za kielektroniki. Tangu mwaka 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kuutumia. Mwezi Aprili 2024, wafanyabiashara wengi wa katikati ya Kampala, wakiwamo wa Kikuubo, walifunga maduka wakiupinga, hata Rais Yoweri Museveni akakutana nao. Malalamiko yaliyosikika yalichanganya mambo ya ngazi tofauti: viwango vya kodi, adhabu, kutoeleweka kwa mfumo na ugumu wa kuutumia.

Mifumo hii mitatu ina sifa moja ya pamoja. Anayeuona mwendo wa programu kila siku si anayeweza kuibadilisha. Kati yao kuna umbali wa vyeo, wa lugha, na wakati mwingine wa mabara. Kinachosafiri katika umbali huo ni maneno.

3.0 Kwa nini masasisho huchelewa

Mtumiaji huona jambo moja tu: tatizo lilitajwa, na tatizo bado lipo. Kwa upande wa pili kuna angalau tabaka nne ambazo hitilafu inaweza kukaa, na kila tabaka lina mwenyewe na mwendo wake.

Tabaka la kwanza ni kifaa na mtandao wa mtumiaji: simu yenye kumbukumbu iliyojaa, kivinjari cha zamani, bando lililokwisha. Hapa gharama ina nafasi kubwa. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii na huduma za aina hiyo. Julai 2021 tozo hiyo ilifutwa na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bei ya data. Mtu anayenunua bando la siku moja hapendi kulitumia kupakua toleo jipya la programu. Hivyo sasisho linaweza kuwa limekwisha kutolewa, lakini halijafika kwenye simu inayolihitaji.

Tabaka la pili ni usanidi, yaani maamuzi ambayo nchi imefanya ndani ya programu: fomu zipi zitumike, visanduku gani viwe vya lazima, nani aone nini. Kisa cha sifuri kilichotajwa mwanzoni kinakaa hapa. Katika DHIS2, kila kipengele cha data kina mpangilio unaoamua kama thamani ya sifuri itahifadhiwa au la. Usipowashwa, sifuri huachwa ili kupunguza mzigo wa hifadhidata. Programu inafanya kama ilivyoagizwa. Marekebisho yake hayahitaji sasisho lolote kutoka Oslo. Yanahitaji msimamizi wa mfumo nchini ajue ni kipengele kipi na abadilishe mpangilio wake.

Tabaka la tatu ni seva ya kitaifa. Hata kama toleo jipya limetolewa, nchi haiwezi kulipokea siku hiyohiyo. Lazima kwanza nakala ya hifadhidata ihifadhiwe, toleo lijaribiwe pembeni pamoja na nyongeza zote ambazo nchi imejitengenezea, na watumiaji waelezwe mabadiliko. Kazi hiyo haifai kufanywa siku ambazo vituo vyote vinawasilisha ripoti za mwezi. Uangalifu huu, ambao kwa mtumiaji huonekana kuwa uzembe, ndio unaozuia ripoti za nchi nzima kupotea kwa siku moja.

Tabaka la nne ni programu yenyewe. Kwa DHIS2, matoleo makuu ambayo zamani yalitoka mara kadhaa kwa mwaka sasa hutolewa mara moja kwa mwaka, na masahihisho madogo hutolewa katikati yake kwa matoleo matatu ya karibuni. Nchi iliyobaki nyuma ya matoleo hayo hujikuta katika mzunguko unaokera: ikiripoti hitilafu, jibu la kwanza ni kwamba isasishe kwanza. Mhudumu wa kituo hawezi kusasisha seva ya wizara. Jibu ambalo ni sahihi kiufundi linamfikia yeye likiwa halina maana.

Tabaka hizi zinaonyesha kwamba swali la kwanza kuhusu hitilafu ni iko wapi, na jibu la swali hilo hupatikana katika maelezo ya aliyeiona. Taarifa isiyosema chochote kuhusu mahali hulazimu kila tabaka kukaguliwa kwa zamu, na mara nyingi kila mwenye tabaka hudhani kwamba hitilafu ni ya mwenzake. Ucheleweshaji mwingi unaolaumiwa kuwa wa sasisho kwa kweli ni wa utambuzi.

4.0 Usemi wa lalamiko

Nadharia ya vitendo-uneni, iliyoanzishwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle, inasaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa kimoja. Kulalamika ni kueleza hali ya msemaji: ameudhika, amecheleweshwa, anataka jambo lifanyike. Kuripoti ni kumpa msikilizaji picha ya tukio. Lalamiko hutimia msikilizaji anapotambua uchungu. Taarifa hutimia msikilizaji anapoweza kuona kilichotokea kama kwamba alikuwapo. Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 insha inayosomwa hadi leo kuhusu namna ya kuripoti hitilafu. Kiini chake kinaafikiana na mtazamo huu: lengo la mtoa taarifa ni kumwezesha mtunzi wa programu kuiona programu ikishindwa, na anachohitaji kusikia kwanza ni mambo yaliyotokea, kisha dhana, na vitu hivyo viwili visichanganywe.

Lugha za Kampala zina hazina kubwa ya kueleza kushindwa kwa mashine. Msemaji wa Kiganda husema *sisitimu egaanye*, yaani mfumo umekataa. *Netiwaka evuddeko*, mtandao umeondoka. *Essimu efudde*, simu imekufa. Msemaji huyo akihamia katika Kiswahili, huja na taswira zilezile: mfumo umekataa. Kiswahili cha Kenya na Tanzania nacho kina mashine zinazogoma, zinazoganda na zinazozingua. Katika taswira hizi mashine imepewa hiari. Inakataa kama mtu anavyokataa, inagoma kama mfanyakazi anavyogoma.

Hakuna ubaya katika taswira hizi. Ni mali ya lugha na hufanya kazi yake vizuri katika mazungumzo. Tatizo lake katika taarifa ni kwamba hutaja mwisho wa tukio na kumeza mwendo wake. Mfumo uliokataa ulikataa nini, baada ya hatua ipi, ukionyesha maneno gani? Kitenzi kimoja hufunika mambo yasiyofanana: nywila isiyotambuliwa, ukurasa usiofunguka, fomu isiyopokea namba, ripoti iliyotumwa isiyoonekana. Wahudumu kumi wanaweza kusema mfumo umekataa wakiwa na hitilafu kumi tofauti, na wizara ikahesabu tatizo moja.

Kuna mtego mwingine ulio ndani ya kitenzi *ona*. Kwa Kiswahili *naona* hubeba maana ya kutazama na maana ya kudhani. Sentensi *naona seva imejaa* inaweza kuwa ushahidi wa aliyesoma maneno hayo kwenye skrini, au kisio la mtu aliyechoka kusubiri. Fundi anayeipokea hana njia ya kujua. Kutofautisha *skrini inaonyesha kwamba* na *nadhani kwamba* ni jambo dogo linaloweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Hatimaye, ni lazima kutambua kwamba si kila lalamiko linapaswa kugeuzwa kuwa taarifa ya hitilafu. Mfanyabiashara wa Kampala aliyefunga duka Aprili 2024 kwa sababu ya viwango vya kodi hakuwa akiripoti kasoro ya programu. Alikuwa akitoa hoja ya kisera, na mahali pake ni kwa watunga sera. Kumpa fomu ya kitaalamu ajaze hatua alizobonyeza kungekuwa kumnyamazisha. Lakini mfanyabiashara mwingine katika mgomo uleule, ambaye stakabadhi yake haikutoka, alikuwa na hitilafu inayoweza kurekebishwa, na yeye naye hupotea pale sauti zote zinapojumlishwa kuwa upinzani dhidi ya mfumo. Kutenganisha sauti hizi mbili ni haki kwa wote wawili.

5.0 Sarufi ya Kiswahili kama nyenzo ya kuripoti

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya kompyuta kwa kukosa istilahi. Dai hili lilikwisha kujibiwa kwa vitendo mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Katika kuripoti hitilafu, istilahi hata hivyo si kiini cha jambo. Kiini ni mfuatano, masharti, marudio na uhakika wa tukio, na hapa sarufi ya Kiswahili ina vifaa kamili.

Kwanza, viambishi *-po-* na *-ka-* hupanga hatua. Sentensi *nilipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, ukurasa ukawa mweupe, kisha ukanirudisha mahali pa kuandika nywila* ina hatua tatu kwa mpangilio wake, na haihitaji orodha wala namba. Masimulizi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili ameyazoea tangu hadithi za utotoni ndiyo muundo anaouhitaji fundi.

Pili, *hu-* na *-li-* hutenganisha mazoea na tukio la mara moja. *Hutokea ninapofungua fomu ya 105* ni hitilafu inayoweza kurudiwa na hivyo kuchunguzwa. *Ilitokea nilipofungua fomu ya 105* huenda ilikuwa mtikisiko wa mtandao. Fundi huuliza swali hili kabla ya mengine yote. Mtoa taarifa anaweza kulijibu kwa silabi moja.

Tatu, *-ki-* ya masharti huwezesha ulinganisho: *nikitumia simu, fomu hufunguka, nikitumia kompyuta ya ofisi, haifunguki*. Sentensi hii imekwisha kuondoa seva katika orodha ya washukiwa, kwa kuwa seva ni ileile.

Nne, ukanushi wa Kiswahili hutofautisha kile ambacho hakijatokea na kile ambacho hakikutokea. *Ripoti haijaonekana* huacha mlango wazi: huenda bado iko njiani, kama ujumbe mfupi unavyoweza kuchelewa. *Ripoti haikuonekana* hufunga mlango huo kwa muda uliotajwa. Katika mifumo ambayo ripoti hutumwa mtandao unaporudi, tofauti kati ya *haija-* na *haiku-* ni tofauti kati ya kusubiri na kuchukua hatua.

Tano, kauli za kitenzi hubeba lawama au huitua. *Data zimefutwa* humwashiria mtendaji: kuna mtu aliyezifuta. *Data zimefutika* husema hali bila mtendaji, lakini bado huamua kwamba data hazipo tena. *Data hazionekani* husema tu alichokiona msemaji. Ya tatu ndiyo salama, kwa kuwa data zinaweza kuwapo na kuzuiliwa na ruhusa za mtumiaji. Katika ofisi ambamo kauli ya kutendwa inaweza kusomwa kama shutuma dhidi ya mwenzako, uchaguzi huu una uzito kuliko usahihi wa kiufundi peke yake.

Kuhusu istilahi yenyewe, maneno *kosa, kasoro, dosari, tatizo* na *hitilafu* hutumika kwa kubadilishana. Makala haya yanapendekeza *hitilafu* iwe neno la msingi kwa sababu ya maana yake ya asili. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lina dhana ya kutofautiana, na kitenzi *kuhitilafiana* bado kinaibeba. Hitilafu ya programu ni hiyo hasa: tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Mtoa taarifa anayelielewa neno hivi atajua kwamba anapaswa kutaja pande zote mbili. *Kosa* libaki kwa ujumbe unaotolewa na programu au kwa kitendo cha mtumiaji. *Kasoro* na *dosari* kwa upungufu wa usanifu.

Suala moja la nje ya sarufi linastahili kutajwa hapa, nalo ni saa. Mzungumzaji wa Kiswahili, kama wa Kiganda, huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo; seva huhesabu kuanzia usiku wa manane. Taarifa inayosema hitilafu ilitokea saa 4 humpeleka fundi kwenye kumbukumbu za saa 10 za usiku, ambako hakuna kitu. Kuandika *saa nne asubuhi, yaani 10:00* huondoa utata huo.

6.0 Adabu, madaraka na njia ya taarifa

Ujumbe wa kawaida wa mhudumu kwa msimamizi unaweza kuwa hivi: *Samahani sana mkuu kwa usumbufu, naomba msaada, mfumo unasumbua tangu juzi.* Zaidi ya nusu ya maneno ni ya adabu. Miongozo ya kigeni huweza kushauri adabu hiyo iondolewe ili kuokoa muda. Ushauri huo hauifai Kampala, ambako Ssebo na Nyabo hutangulia ombi lolote na ujumbe mkavu kwa mkubwa husomeka kama utovu wa heshima. Adabu haizuii taarifa. Kinachokosekana ni kile kinachopaswa kuifuata. Ujumbe uleule ungeweza kuandikwa hivi:

*Habari za kazi, mkuu. Jana saa nne asubuhi, yaani 10:00, nilikuwa najaza fomu ya 033b kwa kompyuta ya ofisi. Nilipoandika 0 kwenye kisanduku cha surua, ilionekana. Nilipofunga fomu na kuifungua tena, kisanduku kilikuwa kitupu. Nilitarajia 0 ibaki. Nikiandika 3, hubaki. Nimejaribu mara tatu, na kwa simu pia, matokeo ni yaleyale. Nadhani ni mtandao, ila sina hakika. Asante.*

Dhana ya mwandishi ni potofu: si mtandao. Lakini taarifa ni nzuri, kwa sababu dhana imetengwa na mambo yaliyoonekana. Msimamizi wa mfumo akisoma kwamba 3 hubaki na 0 hupotea, atajua aangalie wapi, na kazi itakwisha bila kusubiri toleo lolote jipya.

Madaraka yana athari nyingine. Mtu wa chini huogopa kwamba kutaja hitilafu kutasomwa kama kukiri kosa lake. Waswahili wana msemo kwamba mficha uchi hazai, lakini methali haimlindi mtumishi anayeulizwa mbele ya wenzake kwa nini ripoti yake imechelewa. Ndiyo maana mlango wa kutojitambulisha, kama ule wa namba 8200, ulikuwa na thamani kwa wananchi. Kwa watumishi, ulinzi unaofaa ni utaratibu unaosema waziwazi kwamba hitilafu iliyoripotiwa kwa wakati haihesabiwi kuwa kuchelewa kwa mtumishi.

Njia nayo inahitaji kufupishwa. Kila ngazi inapoandika upya taarifa kwa maneno yake, hatua, saa na maneno ya skrini huanguka, na hubaki hukumu: vituo vinalalamika. Kanuni rahisi ni kwamba ngazi ya juu iongeze maelezo yake bila kugusa maneno ya aliyeiona hitilafu. Kama maneno hayo ni ya Kiganda au Kiswahili, yasafiri hivyohivyo pamoja na tafsiri yake. Kulazimisha Kiingereza katika ngazi ya kituo hufanya mtu anayeweza kusimulia tukio vizuri aishie kuandika maneno mawili ya jumla.

Upande wa pili wa njia ni jibu. Mtumiaji asiyejibiwa hujifunza kwamba kuripoti ni bure, na taarifa yake inayofuata haitaandikwa. Jibu linaweza kuwa fupi: imepokelewa, iko katika tabaka hili, anayeishughulikia ni huyu, itasubiri hadi baada ya ripoti za mwezi. Mtu anayejua kwa nini anasubiri husubiri kwa namna tofauti na asiyejua.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukieneza, pamoja na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjadala wa utekelezaji umejikita zaidi katika shule na ofisi. Makala haya yameonyesha uwanja mwingine, ulio mdogo kwa sura na wa haraka kwa manufaa. Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia programu moja ya taarifa za afya. Taarifa ya hitilafu iliyoandikwa vizuri Kisumu au Mwanza inaweza kumsaidia fundi wa Kampala, kama lugha yake ni ya pamoja.

Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, wizara na mamlaka zinazosimamia mifumo ya umma ziwe na fomu fupi ya hitilafu inayouliza mambo matano tu: nilikuwa nikifanya nini, nilitarajia nini, nini kilitokea, kinarudiwa au la, na kwa kifaa gani; ikubali Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na sehemu ya dhana itengwe. Pili, mafunzo ya watumiaji, ambayo kwa kawaida hueleza namna ya kujaza fomu, yatenge saa moja ya kufundisha namna ya kueleza fomu inaposhindwa. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha na idara za Kiswahili vyuoni, isanifishe istilahi chache za uwanja huu na miundo ya sentensi inayoambatana nazo, kwa kuwa orodha ya nomino peke yake haimsaidii anayesimulia tukio. Nne, taasisi zitangaze kalenda ya masasisho ya seva zake na hali ya hitilafu zilizopokelewa, ili ucheleweshaji wenye sababu utofautishwe na usio nayo.

Hakuna pendekezo hapa linalohitaji mtambo mpya. Mhudumu aliyetajwa mwanzoni alikuwa na kila kitu alichohitaji ili sifuri yake ihifadhiwe: macho, simu, na lugha inayotofautisha *haijaonekana* na *haikuonekana*. Alichokikosa ni mtu wa kumuuliza nini kilitokea baada ya kubonyeza, na kusikiliza jibu hadi mwisho.